Valvu ya baipasi kwa gari ya turbo ni nini, na utajuaje imeharibika

Gari ya turbo ikianza kukosa nguvu hapo Thika Road, kitu ya kwanza utaambiwa ni ati turbo imekufa. Ya pili, kama fundi anajua kidogo, ni valvu ya baipasi, na hapa ndio watu wanatoa pesa bila kujua wananunua nini.

Turbo inazungushwa na moshi wa ekzosi, halafu upande ule mwingine inafinya hewa na kuisukuma kwa intakula (intercooler, kile kipoza hewa) mpaka ifike injini. Kabla ya injini kuna throtoli, ule mlango unaofunguka ukikanyaga mafuta. Sasa umekanyaga, paipu zote zimejaa hewa ya presha, ghafla unatoa mguu ubadilishe gia, throtoli inafunga lakini turbo bado iko mbio, kitu inaweza zunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika haiwezi simama tu hivo, na ile hewa imekosa pa kwenda inarudi nyuma kupigana na feni ya turbo. Ni kama watu wamekimbilia mlango wa matatu halafu makanga akaufunga. Valvu ya baipasi inafunguka hapo hapo, inarudisha hewa kwa paipu ya kuingilia turbo, na ukikanyaga tena inafunga.

Inajua saa ya kufunguka kwa sababu ya kapaipu kembamba ka mpira kanatoka kwa manifoldi ya hewa, zile paipu za kuingiza hewa kwa injini baada ya throtoli. Ukitoa mguu, manifoldi inabaki na vakyumu (mvuto wa hewa), hio vakyumu inavuta diaframu, ule utando mwembamba ndani ya valvu, springi inashindwa, valvu inafunguka. Ukikanyaga, presha inapita kwa kapaipu hako hako na kusaidia springi kuifunga. Westigeti ni kitu tofauti kabisa, hio iko upande wa moshi na inazuia boosti (presha ya hewa ya turbo) isipite kiasi. Na kama una Prado ya dizeli mtu akakuambia baipasi imeharibika, muulize akuonyeshe iko wapi, juu dizeli nyingi hazina throtoli ya kufungia hewa hivo na hazihitaji hii valvu.

Kwa kutafuta shida mimi naanza na swali moja: gari inasumbua mguu ukiwa umekanyaga ama ukishatoa?

Ikiwa ni ukikanyaga, yaani boosti inachelewa, haifiki, unasikia hewa ikipiga shhh kwa bonneti na gari ni nzito kupanda mlima wa kwenda Limuru, basi pengine valvu haifungi vizuri. Springi imelegea, diaframu imepasuka, ama kuna uchafu wa oili umeishikilia. Lakini angalia moshi kwanza. Gari nyingi, kama Subaru za turbo, zina sensa inayopima hewa ikiingia. Hewa ikivuja kupitia valvu inarudi ndani ya mzunguko, kompyuta haidanganyiki, kwa hivyo unakosa nguvu tu. Paipu ya intakula ikichomoka au kupasuka, hewa iliyopimwa inatoka nje, petroli inakuwa nyingi, na hapo ndio utaona moshi mweusi na kusikia harufu ya mafuta. Kukosa nguvu na moshi mweusi, kagua paipu na klampu kabla ununue valvu yoyote.

Ikiwa ni ukitoa mguu, unasikia chu-chu-chu-chu kama kitu inapepea, valvu haifunguki. Kuna vijana wanaipenda hio sauti sana, sawa, lakini ni hewa inagonga turbo kila ukibadilisha gia na sioni raha yake. Kabla ulaumu valvu, shika kale kapaipu, joto la injini hukausha mpira unapasuka hasa pale unapoingia kwa valvu. Kakipasuka, injini itatetemeka hata ikiwa imesimama tu, juu inavuta hewa ambayo haijapimwa.

Kuipima si kazi. Kwa Forester na Impreza zenye intakula juu ya injini, valvu iko pale kwa intakula, imeshikwa na bolti mbili. Itoe, nunua sirinji kubwa kwa duka la dawa, unganisha na pua ya valvu, pale kapaipu kanaingia, vuta. Ndani inafaa kuinuka bila kukwama na ikae hapo mradi umeshikilia sirinji. Ikianza kurudi polepole, diaframu inavuja. Ukirudisha weka gasketi nzima, iliyochakaa itakuletea shida ile ile.

Kuna jambo la Nairobi yenyewe. Sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hivyo geji ya vakyumu itasoma chini ya zile namba unasoma kwa mitandao ya watu wa pwani. Inchi 20 za zebaki (ndio kipimo cha hio geji) za huko hapa ni kama 15, na injini haina shida. Ndio maana ukinunua valvu ya kujiwekea mwenyewe yenye springi ngumu inaweza kataa kufunguka vizuri hapa. Zile za kumwaga hewa nje na kupiga psshh nazo zina yao, kwa gari ya sensa ya hewa unatupa hewa iliyohesabiwa tayari, ukitoa mguu inatoa moshi na wakati mwingine inazima kwa taa za barabarani.

Golf GTI za injini ya 2.0 TFSI ni hadithi nyingine, valvu yao ni ya umeme na imefungwa kwa turbo yenyewe. Za kwanza zilikuwa na diaframu ya mpira iliyokuwa ikipasuka, baadaye ikaja ya pistoni. Hizo sirinji haisaidii, pitisha kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na ukiona kodi ya hitilafu (code) P0299 ujue kompyuta inasema tu boosti ni kidogo, haijasema ni valvu.