Je, wajua kwa nini mfungaji hatari wa netiboli si lazima awe mrefu kuliko wote?

Timu ya netiboli ya shule ikipangwa, jambo la kwanza huwa halina mjadala: msichana mrefu kuliko wenzake anabandikwa kifuani herufi GS, yaani mfungaji, na kupelekwa chini ya goli. Pete iko mita 3.05 kutoka ardhini, basi aliye karibu nayo zaidi ndiye afunge. Hoja inaingia akilini. Tatizo lake ni Mwai Kumwenda.

Kumwenda ni Mmalawi, mzaliwa wa Mzimba, kaskazini mwa nchi hiyo. Alichezea Tactix ya New Zealand, na mwaka 2015, kwenye Kombe la Dunia mjini Sydney, akatangazwa mchezaji bora wa mashindano yote. Malawi ilimaliza ya 6. Mchezaji bora wa dunia ametoka timu ya sita, na wala hapakuwa na mizengwe. Mwaka 2017 alihamia Melbourne Vixens ya Australia, na 2020 akabeba nayo ubingwa kwa kuifunga West Coast Fever 66-64. Fever walikuwa na Mjamaika Jhaniele Fowler, mwenye mita 1.98. Kumwenda hafiki mita 1.90. Si mfupi, la hasha, lakini kwa wafungaji wa kiwango hicho si mrefu wa kushangaza watu.

Basi tuiangalie pete yenyewe, maana ndipo wengi tunapopotelea.

Goli la netiboli halina ubao. Kwenye mpira wa kikapu ukikosea kidogo, ubao unaweza kukurudishia. Hapa nyuma ya pete kuna hewa tu. Kipenyo cha pete ni milimita 380. Mpira una mzingo wa milimita 690 hadi 710, yaani kipenyo cha kama milimita 223. Kwa kutoa haraka haraka unabaki na nafasi ya milimita 157, na hapo mtu husema: mbona kubwa! Ni kubwa kama mpira unadondoka wima kutoka angani. Mpira wa netiboli haudondoki wima. Unakuja kwa mshazari.

Weka sufuria tupu mezani, uitazame kutoka juu kabisa. Mdomo wake ni duara. Sasa rudi hatua mbili, uanze kuinama polepole. Duara linabanwa, linakuwa umbo la yai. Endelea kuinama mpaka macho yakaribie usawa wa mdomo wa sufuria, utaona utepe mwembamba ambao hata ndimu usingeweza kuipitisha. Sufuria ni ile ile. Kilichobadilika ni pembe unayoitazamia. Mpira unaoruka kuelekea goli unakutana na pete kwa namna hiyo hiyo: ukija kutoka juu unakuta mlango mpana, ukija chini chini unakuta ufa.

Hesabu yake si ngumu. Mpira ukiingia kwa digrii 60 kutoka usawa wa pete, mlango una upana wa milimita 329, kwa hiyo kuna nafasi ya milimita 106 hivi za kukosea. Kwa digrii 45 nafasi hiyo inashuka hadi 46, chini ya nusu. Ikifika kama digrii 36, mpira na mlango vinalingana kabisa. Chini ya hapo mpira hauwezi kupita bila kugusa chuma, hata ungelengwa vizuri namna gani. Utaingia kwa kugonga na kubembeleza pete, au hautaingia.

Hapa ndipo urefu unapopewa sifa isiyo yake yote. Tuseme mfungaji yuko mita 2 kutoka kwenye pete na anauachia mpira ukiwa mita 2.25 juu, akiurusha kwa digrii 60. Utafika kwenye pete kwa kama digrii 43. Mwongeze mchezaji huyo sentimita 10 za urefu, mrusho ubaki ule ule: utafika kwa digrii 46. Faida ya digrii 3, baada ya miaka yote ile ya kuota. Sasa mrudishie kimo chake cha kwanza, ila arushe kwa digrii 65 badala ya 60. Mpira unafika kwa digrii 53. Kiwiko na kifundo cha mkono vimeleta faida mara tatu ya ile ya mifupa.

Hesabu hizi zinapuuza upepo, na viwanja vingi vya kwetu, kama vya Malawi, havina paa. Tena mrusho wa juu sana unataka nguvu zaidi, na kosa dogo la nguvu linaupeleka mpira mbele au nyuma ya pete. Kwa hiyo tusifikie kusema kadiri unavyorusha juu ndivyo unavyofunga.

Sheria nayo inamsaidia mwenye akili ya miguu. Beki anatakiwa kukaa sentimita 90 kutoka mguu ambao mfungaji alitua nao alipodaka mpira. Mfungaji akiunyanyua mguu huo, kipimo hakimfuati, kinabaki pale ulipokuwa. Akitua kwa mguu mmoja, kisha akapiga hatua nyuma kwa mwingine na kuurusha mpira kabla ule wa kwanza haujagusa tena chini, amejiongezea nafasi bila kosa lolote. Beki ananyoosha mikono, anajiinamisha mpaka karibu aanguke, na bado mpira uko mbali. Yote hayo ndani ya sekunde 3, maana zaidi ya hapo ni filimbi. Kumwenda alisifika kwa mirusho ambayo kocha wa shule angeikemea, na wapo waliodhani ni mbwembwe. Mbwembwe zilikuwepo, sikatai.

Kwani urefu hauna kazi? Unayo, tena kubwa, ila inaonekana zaidi kabla ya mrusho. Mfungaji kama Fowler, au Mganda Peace Proscovia aliyewika Loughborough Lightning ya Uingereza, anarushiwa mpira mahali ambapo mkono wa beki haufiki. Akishaudaka chini ya goli, umbali ni mfupi na kila kitu kinakuwa chepesi. Mwalimu wa shule hakukosea kumweka msichana mrefu pale. Alikosea alipomwacha yule wa wastani asijifunze kurusha.

Mwaka 2020 ligi ya Australia iliamua kwamba katika dakika 5 za mwisho za kila robo, goli lililofungwa kutoka mita 3 hadi 4.9 lihesabiwe mawili. Rudia ile hesabu ya digrii 60 ukiwa mita 4: sentimita 10 za kimo zinaongeza digrii 1 tu.