Ule unga mweupe kwenye nyanya sio vumbi

Kila nikipita sokoni hapa Morogoro naona kitu kilekile, mama anachagua nyanya, anakuta unga mweupe umeganda karibu na kikonyo, anaifuta na kanga alafu anaitia kwenye kikapu, na akiuliza anaambiwa hilo ni vumbi tu la shambani dada. Mara nyingi sio vumbi. Ni dawa ya ukungu, na inayopigwa sana kwenye nyanya ni mankozebu, ambayo Umoja wa Ulaya mwaka 2020 waliamua kutoiongezea kibali kwa sababu ya athari zake kwenye homoni na uzazi, sisi huku bado tunanunua dukani.

Sasa msikimbie nyanya jamani. Kasheshe kubwa ni siku za kusubiri. Lebo ya dawa inasema ukishapuliza ukae siku ngapi ndo uvune, ila mkulima nyanya zimeiva, bei imepanda, fuso liko barabarani linamsubiri, na ugonjwa wa bakajani unamtisha, basi anapuliza Jumatatu anachuma Jumatano. Kuosha huku unasugua kunasaidia kwa dawa zinazokaa juu ya ganda, lakini zipo zinazoingia ndani kabisa ya mmea, hizo hata usugue mpaka kesho hazitoki. Na usitegemee moto, mankozebu ikipikwa sehemu yake inageuka kitu kinaitwa ETU, hicho ndo kinasumbua ile tezi ya shingoni.

Ndo maana sisi wataalamu tunapigia debe kilimo hai, yaani kulima bila dawa wala mbolea za viwandani. Wengi wanadhani faida yake ni vitamini, kiukweli tofauti ya virutubisho sio ya kupigia ngoma, faida iko kwenye mabaki ya dawa ambayo yanapungua sana, na wa kwanza kufaidi wala sio wewe mlaji, ni yule aliyebeba bomba mgongoni bila glovu wala barakoa, dawa inamchuruzikia mpaka kiunoni, akirudi nyumbani anambeba mtoto na shati lilelile.

Anayefuata ni udongo. Hapa naomba nikae kidogo maana mboji ndo roho ya kazi yenyewe. Unapanga majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, tabaka juu ya tabaka, unamwagia maji, alafu unachomeka fimbo ndefu katikati mpaka chini. Baada ya siku kama 4 unaichomoa unaishika. Ikiwa ya moto na ina unyevu, mambo yanaenda, ikitoka kavu ina utando mweupe ongeza maji, ikiwa ya baridi na inanuka ujue umezidisha maji, geuza lundo lipate hewa. Kipimajoto cha bure kabisa. Udongo uliolishwa hivyo unashika maji, jirani yako mahindi yakianza kujikunja kwa jua ya kwako yanakuwa bado yamesimama.

Ila msije mkasema kila cha asili ni salama, hapana. Kuna watu wanachemsha tumbaku wanapulizia mchicha, ile ni sumu, nikotini haichagui mdudu na mtu. Bora mwarobaini, na utumie mbegu sio majani peke yake, mbegu ndo zina nguvu zaidi, twanga, loweka usiku mzima, chuja, weka sabuni kidogo alafu puliza jioni kwa sababu jua linaivunja haraka. Na lazima urudie rudie, haiui papo hapo kama za dukani, wenye haraka hapo ndo wanakata tamaa.

Utajuaje kama unachouziwa ni kilimo hai kweli na sio maneno ya sokoni? Tafuta alama ya Kilimohai, inaenda na kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai kilichopitishwa mwaka 2007. Cheti cha kampuni ya ukaguzi ni ghali kwa mwenye robo eka, kwa hiyo wakulima wadogo wanajiunga kikundi wanakaguana wenyewe kwa wenyewe. Kuna watu wanadharau huu utaratibu, eti watalindana. Mimi nawaambia jirani hadanganyiki kirahisi, anajua mbolea umenunua lini, anajua jana ulipuliza nini maana harufu ilimfikia, na siku ya ukaguzi wanaingia mpaka stoo, ikikutwa chupa ya dawa imefichwa nyuma ya madebe utajieleza mbele ya kikundi kizima.