Kabla ya kununua feni ya maji ya gari, gusa mtungi

Kaskazi ikishaanza kukaza, kuanzia Desemba hivi, swali ni lile lile: "Fundi, gari langu la zamani halina AC. Nimeona kuna kifeni cha kutia maji, nichukue?" Mimi huuliza kwanza gari linatembea wapi. Mtu wa Dodoma namwambia ajaribu, hatapoteza. Mtu wa Mbagala, hapa Dar, namwambia arudi nyumbani akaguse mtungi.

Mtungi wa udongo unatoka jasho. Maji yanapenya udongo, yanatokeza nje, yanakauka, na yakikauka yanaondoka na joto. Lita moja ikikauka yote hubeba kilojuli 2,400 hivi za joto. Si haba: ukikausha lita moja kwa saa, ni kama una mashine ya kupoza ya karibu wati 670, na haijanywa mafuta. Kasheshe ipo kwenye hilo neno "ikikauka". Hewa ina kiasi chake cha unyevu inachoweza kubeba, ikishajaa haipokei zaidi. Ndiyo maana masika kanga inashinda kwenye kamba na jioni unaianua ikiwa bado mbichi. Na ndiyo maana maji ya mtungi wa Dodoma yanakata kiu kama yametoka kwenye friji, na ya mtungi wa Mbagala yamepoa tu, basi.

Tuliweke kwa hesabu. Chukua siku ya Dodoma yenye nyuzi 30 na unyevu asilimia 35. Hewa hiyo ukiipitisha kwenye kitambaa kilicholowa, mwisho wake wa kupoa ni kama nyuzi 19 na nusu. Feni ya kuungaunga haifiki mwisho huo, lakini hata ikiishia 23, dereva anaisikia shingoni. Sasa chukua mchana wa Dar: nyuzi 32, unyevu asilimia 75. Mwisho wake ni nyuzi 28. Feni yako itakupa 29, tena imelowa. Utakaa umepuliziwa mvuke kama uko jikoni kwenye sufuria ya ubwabwa, shati limekugandia, na hela imeshakwenda.

Ninachosema si kwamba kifaa ni cha kitapeli. Wamarekani waliokuwa wakivuka majangwa ya magharibi kwao, miaka ya 1940 na 1950, walikuwa wakining'iniza silinda ya bati kwenye dirisha la abiria. Ndani mna maji na pedi iliyolowa. Gari likienda, upepo unaingia mbele ya silinda na kutokea ndani ukiwa umepoa. Aina nyingine zilikuwa na kamba ya kuvuta ili pedi iloe tena. AC ya kiwandani ilikuwapo tayari, Packard waliitoa kwenye magari ya mwaka 1940, ila bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Jangwani silinda ile ilifanya kazi vizuri sana. Ukiileta Kigamboni ni pambo.

Kwa hiyo, wa Dodoma, Singida au Shinyanga wakati wa kiangazi: deli dogo, sponji nene au magunia ya katani, kipampu cha kulowesha, feni ya volti 12. Jambo moja tu usilikosee, fungua kioo cha nyuma vidole viwili. Hewa iliyokwisha kunywa maji lazima itoke, vinginevyo baada ya robo saa umeshajitengenezea Dar ndani ya gari.

Sisi wa pwani kinachotufaa ni barafu.

Watu huidharau kwa kuwa ni kitu cha juisi na samaki. Lakini barafu ni AC iliyokwisha kulipiwa: kompresa imefanya kazi yake usiku kwenye friji lako, wewe asubuhi unabeba matokeo. Kilo moja ikiyeyuka inameza kilojuli 334, na yale maji yake yakipanda hadi nyuzi 20 yanameza nyingine 80 na kitu. Kilo 12 zinakaribia kilojuli 5,000. Zigawe kwa saa moja ya foleni na unapata wati 1,400 hivi. AC halisi ya gari dogo huwa na kilowati tatu na kuendelea, kwa hiyo tusidanganyane, hii ni chini ya nusu yake, tena kwa saa moja tu. Kwa mtu wa Mbagala hadi Posta hiyo saa moja ndiyo yenyewe.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja na Corolla KE70, gari la marehemu mumewe, injini ya 4K ya kabureta, bodi safi kuliko magari mengi ya juzi. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaanza moja kwa moja: "Nataka baridi, na hela sina." Alikuwa ameshapita kwa fundi mwingine aliyemtajia bei ya kufunga mfumo mzima, kompresa ya mtumba, kondensa, mabomba, na ile bei ilikuwa inakaribia thamani ya gari lenyewe. Nikamwambia gari lako lina nusu ya AC tayari, ila hujui.

Hiyo nusu ni hita. Nyuma ya dashibodi kuna kirejeta kidogo, maji ya moto ya injini yanapita humo, feni inapuliza, na matundu ya hewa yameshaelekezwa usoni na miguuni. Hapa Dar hakuna anayeiwasha mwaka mzima. Ukiondoa maji ya moto na kupitisha maji ya barafu, umepata kipozeo kizima bila kutoboa dashibodi. Fundi kazi yake ni mabomba na pampu tu.

Injini ikiwa imepoa kabisa, nilichomoa mipira miwili inayoingia ndani kutoka kwenye injini. Upande wa injini nikaunganisha tundu kwa tundu kwa mpira uliopinda, nikajaza kulanti, nikatoa hewa. Upande wa ndani nikaanza kwa kusafisha kirejeta kwa maji ya bomba. Yalitoka mekundu kama chai ya rangi kwa dakika kumi. Usiiruke hatua hii, kwa sababu kutu yote ya miaka arobaini itakwenda kuziba pampu yako. Kisha mipira miwili mipya ikapita hadi kwenye deli nyuma ya kiti cha dereva: mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi.

Kwenye pampu nilikosea, ngoja niseme. Mara ya kwanza nilifunga ile pampu ndogo ya kurushia maji kioo cha mbele, kwa kuwa nilikuwa nayo mkononi. Iliungua kabla hatujamaliza kuzunguka mtaa. Ile imetengenezwa kwa sekunde tano tano, haikutengenezwa kwa saa nzima. Nikaenda kwa wauza vifaa vya boti nikachukua pampu ndogo ya volti 12 ya kutolea maji kwenye boti, ya kuzama. Hiyo hadi leo inazunguka. Waya wake una fyuzi yake peke yake, karibu na betri, na swichi chini ya usukani.

Barafu nayo ilitufundisha. Siku ya majaribio nilinunua bonge la barafu Feri, soko la samaki, kwa kuwa ni rahisi na ni kubwa. Gari likanuka changu wiki nzima, na kwenye chujio la pampu nilikuta magamba. Tangu hapo ni chupa za maji za lita moja na nusu, nane, zimegandishwa usiku nyumbani (usizijaze hadi mdomoni, zitapasuka). Unazipanga kwenye deli, unaongeza lita nne za maji ya kawaida ya kuzunguka, unafunika. Barafu ya kwenye chupa inayeyuka taratibu kidogo kuliko iliyo wazi, lakini maji ya mfumo yanabaki safi, na jioni chupa zinarudi kwenye friji. Wapo wanaotia chumvi ili maji yapoe zaidi. Kwenye kirejeta cha chuma cha zamani usithubutu.

Kipimajoto nilikiingiza kwenye tundu la katikati. Nje nyuzi 33. Dakika ya tano hewa ilikuwa inatoka na 17, dakika ya arobaini ikawa 22. Gari zima halikupoa hivyo, jua la saa saba linaingia kupitia vioo na paa na lenyewe lina nguvu kuliko deli lolote. Lakini mama alikuwa amekauka. Hilo ndilo lililonifurahisha. Sehemu kubwa ya baridi ya pwani inatumika kukamua maji kwenye hewa, na hewa iliyokamuliwa hata ikiwa na nyuzi 28 unaikaa.

Maji yaliyokamuliwa, lakini, yanakwenda wapi? Boksi la hita halina tundu la kutolea maji kwa kuwa hita haitoi jasho. Siku ya pili mama akanipigia simu, zulia la upande wa abiria limeloa chepechepe. Nikatoboa tundu dogo chini kabisa ya boksi na kushusha kimpira hadi nje. Ukifanya kazi hii anza na hilo tundu.

Vilevile weka kishikizo cha hewa kwenye kuzungusha hewa ya ndani, vioo vyote juu. Ukivuta ya nje unapoza barabara ya Kilwa. Kabla ya kuondoka fungua milango dakika mbili joto la kuegesha litoke, maana kutumia barafu kupoza viti vilivyochomwa na jua ni hasara tupu. Na deli lifungwe kwa mkanda. Kilo 16 zikiruka kwenye breki ya ghafla hazichagui kichwa.

Kuna kazi nimekataa. Kufunga AC ya nyumbani na inveta: altaneta ya gari kama lile, hata ikitoa uwezo wake wote, haina umeme huo wa ziada. Kutia gesi ya kupikia kwenye mfumo wa AC wa zamani uliotengenezewa gesi ya R12, kwa kuwa "inapoza vizuri": kweli inapoza, na siku ikivuja ndani ya gari lililofungwa vioo, cheche moja inatosha. Barafu kavu, ile inayotoa moshi: yenyewe ni hewa ukaa iliyogandishwa, na ikigeuka hewa kwenye gari lililofungwa inakulaza usingizi ambao huamki.

Juni iliyofuata mama akasafiri kwenda Njombe kwenye harusi. Hakuniambia. Kwenye mlima wa Kitonga mshale wa joto la injini ukaanza kupanda, akakumbuka alichofundishwa na marehemu, washa hita hadi mwisho ili iisaidie rejeta. Akawasha. Hakuna kitu, hita ilikuwa inasubiri barafu. Akasimama, akaacha injini ipoe nusu saa, akamaliza mlima polepole. Saa tatu usiku simu ikalia: "Mwanangu, nipo Makambako, natetemeka, hita yangu umeipeleka wapi?"

Nikamwelekeza mipira ile miwili, ule uliopinda uchomoe, hii ndiyo ya zamani, akaikabidhi simu kwa kijana wa gereji ya pale. Siku hizi kila gari la barafu nalifunga koki mbili chini ya boneti, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na nimeziandika kwa rangi: kaskazi, kusi.