Mbwa Katika Bunilizi: Upendo Usioweza Kusemwa

Ninapohakiki hadithi yenye mbwa, swali langu la kwanza ni hili: ni jambo gani ambalo binadamu wa hadithi hiyo amezuiwa kulisema? Mbwa aliyewekwa ili afe na msomaji atoe machozi hanishughulishi sana. Anayenivutia ni yule anayebeba hisia ambazo mwandishi angeziharibu kama angezitia kinywani mwa mtu.

Mfano mkongwe umo katika kitabu cha 17 cha Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer. Odysseus anarejea nyumbani katika mwaka wa 20 akijifanya ombaomba, na Argos, mbwa aliyemlea kabla ya kwenda vitani, amelala juu ya samadi akiwa amejaa kupe. Argos anamtambua, anatikisa mkia, kisha anakufa. Odysseus hawezi hata kumwita kwa jina, maana siri yake ingefichuka, kwa hiyo anageuza uso na kufuta chozi. Yote hayo yanasimuliwa katika mistari isiyofika 40.

Ivan Turgenev alikwenda mbali zaidi katika “Mumu”, hadithi aliyoiandika mwaka 1852 akiwa kizuizini na kuichapisha mwaka 1854, Urusi ilipokuwa bado inaruhusu wakulima kumilikiwa na wenye ardhi. Gerasim ni kiziwi na bubu. Bibi anayemmiliki amemwoza mlevi mwanamke ambaye Gerasim alimpenda, na siku wanandoa hao wanapoondoka, Gerasim anaokoa mtoto wa mbwa anayezama mtoni. Jina analompa, Mumu, ni sauti ambayo hata yeye anaweza kuitoa. Bibi anapokerwa na mbwa huyo na kuamuru aondolewe, Gerasim anavaa nguo zake za sikukuu, anamlisha supu yenye nyama, kisha anamzamisha kwa mikono yake mwenyewe. Wasomaji wengi huuliza kwa nini hakutoroka naye, ilhali baadaye anarudi kijijini bila ruhusa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye ukali wa hadithi: utii umemkaa rohoni kiasi kwamba hana budi kuua anachokipenda ndipo aweze kuuvunja. Turgenev hatoi hotuba hata moja dhidi ya mfumo ule.

(Wasomaji wa Shaaban Robert watakumbuka manyani wanaochapwa katika Adili na Nduguze; katika Alfu Lela Ulela, kisa kinachofanana nacho kina mbwa. Lakini wale ni ndugu waliogeuzwa, kwa hiyo uhusiano unaochunguzwa pale ni wa damu.)

J. M. Coetzee, katika riwaya ya Disgrace ya mwaka 1999, anamchukua profesa wa mawasiliano, David Lurie, na kumpeleka mahali ambapo ufasaha wake haumsaidii kitu. Lurie anasaidia kuwaua mbwa wasiotakiwa na mtu, kisha anapeleka mizoga yao kwenye tanuri mwenyewe, ili wafanyakazi wasiipige kwa koleo. Mwishoni anamtoa auawe mbwa kilema aliyempenda, ambaye hajampa hata jina. Wapo wanaokisoma kitendo hicho kama toba inayomsafisha na unyanyasaji aliomtendea mwanafunzi wake. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mbwa hana mamlaka ya kumsamehe kwa niaba ya mwanamke yule, na riwaya haidai kwamba anayo.