Sensa haijatiwa paswedi

Juzi baada ya isha nimepata ujumbe wa sauti kutoka Chake Chake. Kijana wa sekondari, na adabu zake zote: "Shikamoo ami." Halafu akaja na lile lile. "Ile sensa ya rangi ya LEGO imetiwa paswedi na kampuni. Nimeiunga kwenye Arduino, inatoa takataka tupu. Bila ya tofali lake kuu haifanyi kazi, au vipi?"

Marahaba mwanangu. Kwa asiyejua: sensa hapa ni kipimaji cha roboti za LEGO, kampuni ya Denmark ya vitu vya kuchezea; tofali kuu ni kompyuta ndogo ya roboti hiyo, na Arduino ni bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu mwenyewe. Na jawabu ni hapana. Nimeshalisema dukani kwangu Mkunazini, nimelisema mbele ya watoto wa darasa la Jumamosi, nimemwambia hata mwalimu wa skuli aliyekuwa anataka kuutia jaani mfuko mzima wa mota na sensa kwa kuwa tofali kuu limekufa. Sasa naliandika mara moja, kila atakayeniuliza nimpe hapa asome.

Mjue kwanza kwa nini linaniuma. Vitu hivi vinatufikia kwa makontena ya mitumba. Unanunua mfuko wa nailoni: mota mbili, sensa tatu, nyaya zimesokotana, tofali kuu hamna, au lipo na betri zimevujia ndani. Ukitaka jipya la EV3, toleo mojawapo la Mindstorms (seti za roboti za LEGO), hulipati; seti ilitoka 2013, LEGO ikaacha kuiuza 2021, na mwisho wa 2022 ikafunga Mindstorms yote. Kwa hiyo mtoto wa Pemba mwenye sensa nzima mkononi hana cha kuichomekea. Akiambiwa "imetiwa paswedi" anaiweka kabatini, basi. Anaamini kuna mtu Denmark kafunga mlango na ufunguo kaondoka nao. Hakuna mlango uliofungwa. Sensa ile inapiga kelele jina lake tangu sekunde ya kwanza inapopata umeme, na sisi tunasema haitaki kusema.

Tuanze na hizo takataka.

Sensa ya EV3 ya aina ya UART (inayotuma biti, yaani sifuri na moja, mojamoja kwa waya) inaanza kuongea yenyewe kwa biti 2400 kwa sekunde. Arduino yako umeiweka 9600 kwa sababu mfano uliounakili uliandikwa 9600. Biti moja ya sensa inadumu kama mikrosekunde 417. Wewe unategemea biti ya mikrosekunde 104. Kila biti yake moja unaihesabu nne. Hata Al-Fatiha ukiisoma kwa mwendo usio wake msikilizaji hataijua. Badilisha namba moja kwenye programu, takataka zote zinaondoka.

Usikisie mwendo, upime. Lojiki analaiza (kifaa cha kuonyesha mapigo ya umeme kwenye waya) ya bei ndogo, ile ya chaneli 8, inatosha na kubaki. Shika waya wa bluu na wa njano (mmoja ni wa sensa kusema, mwengine ni wa kusikiliza), washa umeme, tafuta pigo fupi kuliko yote. Hilo ndilo biti moja. Vitabu vinaishia hapo, na mimi hapo ndipo nisipovisadiki sana. Pigo fupi kuliko yote linaweza kuwa la uongo. Hewa yetu ina chumvi, pini zinakula kutu ya kijani, na pini yenye kutu inatoa vipigo vidogo ambavyo havikutumwa na mtu yeyote. Nilipoteza siku mbili kwa sensa moja nikidhani mwendo wake ni wa ajabu, kumbe ni kutu. Siku hizi nasafisha pini kwa spiriti na mswaki kwanza, kisha nahesabu mapigo mia mbili au zaidi, naangalia yanajikusanya wapi. Na bado kuna siku nabaki na shaka mpaka chekisamu (namba ya kukagua ujumbe) ikubali.

Ukishapata mwendo, baiti (biti nane nane) za mwanzo za sensa ya rangi ya EV3 ni hizi, kwa heksa, yaani hesabu ya tarakimu kumi na sita, 0 mpaka F:

40 1D A2
49 05 02 B1
52 00 E1 00 00 4C

Hapa ndipo watu wanapoziangalia na kusema "umeona, imesimbwa." Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu neno hili linatumika ovyo.

Bibi yangu alikuwa akiandika daftari la karafuu kwa herufi za Kiarabu. Wajukuu tulikuwa tukilifungua na kulifunga: "Kiarabu hiki, hatukijui." Mpaka siku mjomba alipokaa barazani akatusomea kwa sauti: karafuu pishi nane, fulani kachukua mbili, bado anadaiwa. Kiswahili kitupu. Bibi hakuficha kitu. Aliandika kwa herufi alizofundishwa chuoni, na sisi tulifundishwa nyengine skuli. Kilichotushinda ni khati. Kusimba ni jambo jengine kabisa: kusimba kuna ufunguo, na asiye na ufunguo hata akijua kila herufi hapati maana. Kwenye sensa hizi ufunguo haupo. Mna khati tu.

Isomeni. 40 kwa biti ni 01 000 000. Biti mbili za mwanzo ni aina ya ujumbe: 00 wa mfumo, 01 amri, 10 maelezo, 11 data. Tatu za kati ni urefu wa kinachofuata kwa vipeo vya mbili: 000 baiti 1, 001 baiti 2, 010 baiti 4. Tatu za mwisho ni amri gani, au modi (namna ya kupima) gani. Basi 40 ni amri, baiti moja, amri namba 0, yaani "mimi ni aina gani." Inayofuata ni 1D, yaani 29, namba ya sensa ya rangi. (30 ni ya masafa, 32 ya jairo, yaani kipima mzunguko, 33 ya infraredi.)

Na A2? Hii ndiyo inayoitwa paswedi na kila anayenipigia simu. Chukua FF. Ipige XOR (biti zikilingana andika 0, zikitofautiana andika 1) na 40, kisha na 1D. Fanya kwa kalamu, msinisadiki mimi. Inatoka A2. Ni chekisamu, ya kukagua kama baiti zimefika salama, na kila mtu anaweza kuihesabu, wewe, mimi, mtoto wa darasa la saba. Karani wa bandarini akihesabu magunia na kuandika jumla chini ya karatasi hajafunga ghala. Mstari wa pili vile vile: FF, 49, 05, 02, unapata B1. Maana yake modi zinaishia namba 5, yaani modi sita kwa kuwa tunaanza 0, na tatu kati yake ndizo za kuonyeshwa kwa mtumiaji. Mstari wa tatu ni mzuri zaidi. 52 ni amri ya mwendo, baiti nne, ndogo mbele: 00 E1 00 00, yaani E100 ya heksa, yaani 57600. Sensa inakwambia mapema kwamba salamu zikisha itahamia mwendo gani! Kitu chenye siri hakifanyi hivi.

Baada ya hapo zinakuja baiti za maelezo, modi kwa modi, kuanzia ya juu kushuka. Humo utakuta 43 4F 4C 2D 43 41 4C. Zisome kwa jedwali la ASCII, linalopa kila herufi namba yake: COL-CAL. Endelea utafika COL-COLOR, COL-AMBIENT, mwisho COL-REFLECT. Majina kamili, herufi za kawaida, pamoja na kima cha chini na cha juu, na kipimo chake: pct kwa mwangaza unaorudi, cm kwa masafa, deg kwa pembe ya jairo. Mara ya kwanza nilipoliona jina limeandikwa mbele yangu kwenye skrini nilimwita mke wangu aje aone. Mpaka leo watoto wa Jumamosi wanapofika hapo wanapiga makelele, na mimi nawaacha wapige.

Sasa, kwa nini basi haifanyi kazi hata ukiisoma sawasawa? Kwa sababu hamuitiki.

Sensa ikimaliza kujieleza inatuma baiti moja, 04. Hiyo ni hodi. Inangoja milisekunde 80 na wewe uirudishie 04 yako, karibu. Usipoitika inaanza tena tangu mwanzo, jina, modi, kima, hodi. Itafanya hivyo mchana kutwa. Kijana wa Chake alinitumia faili lenye hodi nyingi sana na hakuna hata karibu moja, kwa sababu hakuunga waya wa kurudishia. Alikuwa na waya wa kusikiliza tu.

Ukiitika, badilisha mwendo wako hapo hapo uwe 57600, na data zitaanza: C0 2D 12. C0 ni data, baiti moja, modi 0. 2D ni 45. 12 ni chekisamu, hesabuni. Mwangaza unaorudi ni asilimia 45.

Halafu inakuja ya pili inayowavunja watu moyo. Data zinakuja kidogo, zinanyamaza, na sensa inaanza tena kujitambulisha. Nimeambiwa kwa uso mkavu kabisa kwamba "paswedi imekwisha muda." Si hivyo! Sensa inataka ijue kwamba upo bado. Mtu anakusimulia kwenye simu, lazima useme "ehe", "ndiyo", vyenginevyo atauliza "hujakatika?" na kuanza upya. "Ehe" ya hapa ni baiti 02, inayoitwa NACK. Jina lenyewe linapotosha, kwa sababu kwenye itifaki nyingi NACK ni "sikukupata, rudia", na mwanafunzi aliyesoma vitabu anaogopa kuituma. Itume. Mimi naituma kila milisekunde 100 na sijawahi kuachwa.

Jengine, na hili nalipita haraka: msitumie UART ya programu kwenye Arduino Uno kwa 57600, itawaangusha. Tumieni bodi ya ESP32, ina UART za kweli, ndani ya chipu, zaidi ya moja. Na kama sensa ni ya familia mpya ya Powered Up, ile iliyoanza na seti ya WeDo 2.0 mwaka 2016, umeme wake wa sensa ni volti 3.3. Ukiipa 5 umeiua, na hapo utasema imetiwa paswedi. Salamu zake ni zile zile, ila mwendo wa mwisho ni 115200.

Desimali pia. Sensa ya masafa ya EV3 ikikupa 1234 hujaona ukuta ulio mita 12. Kwenye maelezo imekwambia tarakimu moja ni ya desimali, kwa hiyo ni sentimita 123.4. Imesema. Hamkusoma.

Mota za EV3 hazina mazungumzo haya. Zina waya mbili za kuendeshea, mbili za umeme wa ndani, na mbili za kuhesabu mzunguko, digrii moja kwa hesabu moja. Zinataka draiva ya H (saketi ya kuendeshea mota), pini ya Arduino haiwezi kuzibeba. Mota ndogo za Powered Up zinajulikana kwa namna pini mbili za utambulisho zilivyoungwa. Kubwa za Technic, aina 46 na 47, zina UART na zinakwambia zilipo na zinakwenda kasi gani.

Na wale wanaosema kufumua itifaki (kanuni za mazungumzo ya vifaa) ni wizi: tofali la kwanza, RCX, lilitoka 1998, na muda mfupi tu baadaye Kekoa Proudfoot wa Stanford alishalifumua akaandika kila baiti. Lile lilikuwa likiongea kwa infraredi, na kila baiti lilifuatisha na kinyume chake, 10 kisha EF, ili mwanga uwe na moja na sifuri sawa kwa sawa na kipokezi kisiyumbe. Hata hiyo watu waliiona imesimbwa, na ilikuwa ni fizikia tu. Programu ya ndani ya EV3 LEGO wenyewe waliitoa hadharani, na itifaki ya Bluetooth ya Powered Up wameichapisha wenyewe. Mnamlinda nani ambaye hajaomba ulinzi?

Sisemi kila kitu kinajieleza vizuri. Sensa ya masafa ya NXT, toleo la 2006 kabla ya EV3, inatumia I2C (njia nyengine ya vifaa kuongea kwa waya), inataka volti 9 kwenye waya mweupe, inakwenda polepole, na baina ya kuandika na kusoma inataka pigo moja la saa la ziada ambalo kwenye I2C ya kawaida halipo. Kwa hiyo maktaba za kawaida za programu zinashindwa na mtu anarudi kwenye paswedi. Lakini ukilitoa lile pigo, inakupa maneno mawili kwa ASCII: LEGO, na Sonar. Nayo inataja jina lake.

Kinachonitia shaka hasa ni ile asilimia. 45 ya sensa yako na 45 ya sensa yangu, juu ya ukili mmoja, jua moja la adhuhuri, mara nyingi hazilingani, na mbili za mfuko mmoja nimezikuta zimeachana vya kutosha kumpoteza roboti njia. Kwa darasa langu nimeacha kuamini asilimia kati ya sensa mbili. Tunasoma RGB-RAW (namba ghafi za nyekundu, kijani na bluu), modi 4, kila mtoto anapima karatasi yake nyeupe na kitambaa chake cheusi kabla ya kuanza, na anaandika namba zake daftarini.

Kijana wa Chake kaunga waya wa pili jana. Leo asubuhi kanitumia picha ya skrini, COL-REFLECT imeandikwa, na chini yake namba zinapanda na kushuka anapopitisha kidole. Hakuandika salamu mara hii. Kaandika: "Ami, jairo nayo inaendaje?" Jairo, mwanangu, iwashe ikiwa imetulia mezani, usiiguse, vyenginevyo itaanza kuzunguka peke yake. Mengine nitakujibu Ijumaa.