Si kila mtindi ni probayotiki

Juzi shangazi alinisogezea kikombe cha mtindi alioupasha jikoni mpaka ukatokota. "Kunywa mwanangu, hiyo ndiyo probayotiki ya mifupa." Ana miaka 61, hedhi ilishakoma, na anaogopa kuvunjika nyonga. Mwaka huu nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nyingi mno.

Probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humfaidi kiafya anayevitumia. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walikubaliana hivyo Córdoba, Argentina, mwaka 2001.

Neno limeungwa kwa lugha mbili: "pro" ya Kilatini, yaani kwa ajili ya, na "bios" ya Kigiriki, uhai. Ni kinyume cha antibayotiki, ambayo sisi tuliipa jina zuri la kiuavijasumu. Mwaka 1965 watafiti Lilly na Stillwell walilitumia neno probayotiki kwa maana nyingine kabisa: si kijidudu, bali kile kinachotolewa na kijidudu kimoja kikamstawisha mwingine. Baadaye maana ikahama kutoka kwenye kitolewacho ikamwendea kiumbe mwenyewe, na tangu hapo "hai" ndiyo roho ya neno. Mtindi uliotokota hauna tena bakteria hai wa kuitwa hivyo.

Halafu kuna jambo linaloniudhi zaidi: kulitaja neno hili kana kwamba ni kitu kimoja, kama chumvi. Bakteria hawa wana majina, na ndani ya jina kuna koo zenye namba. Kina mama wa Mwanza waliotengeneza mtindi uitwao Fiti walitia Lactobacillus rhamnosus GR-1, si chachu yoyote iliyopatikana. Kwenye mifupa, watafiti wa Gothenburg, Uswidi, waliwapa wanawake wa miaka 75 hadi 80 Lactobacillus reuteri 6475 kwa mwaka mzima. Msongamano wa mfupa wa muundi ulipungua, ila si sana kama kwa wenzao wasiopewa. Habari hiyo ya 2018 ndiyo iliyosambaa. Ya 2024 haikusambaa: wanawake 239 ambao hedhi ilikuwa imekoma karibuni, bakteria yule yule, miaka miwili, na tofauti haikuonekana.

Kwa hiyo shangazi, mtindi endelea nao. Kalsiamu yake haiondoki kwa moto, na mifupa inaihitaji. Ila huo wa kikombeni uite mtindi tu, na kuhusu nyonga twende ukapimwe mifupa.