Moses Fleetwood Walker na miaka sitini iliyosahaulika

Wengi huamini kwamba Jackie Robinson, aliyeanza kuichezea Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kucheza besiboli katika ligi kuu. Heshima ya Robinson ni ya haki kabisa, lakini dai hilo si sahihi.

Miaka 63 kabla yake, tarehe 1 Mei 1884, Moses Fleetwood Walker, mzaliwa wa Ohio aliyesoma Chuo cha Oberlin, alianza kuichezea Toledo katika ligi ya American Association, iliyohesabiwa kuwa ligi kuu. Alicheza michezo 42, karibu yote akiwa mdakaji, yaani anayekaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji, kazi iliyoumiza sana mikono enzi hizo ambapo glavu nene hazikuwa za kawaida. Mrushaji wa timu yake, Tony Mullane, alikiri baadaye kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi, ila kwa chuki ya rangi alirusha mipira bila kuzitazama ishara ambazo Walker alimpa kumwonyesha mpira wa kurusha. Kwa hiyo Walker alilazimika kudaka asichokijua kinachomjia, jambo ambalo kwangu linaeleza ustadi wake kuliko takwimu yoyote.

Walker hakuondolewa kwa kukosa uwezo. Mwaka 1887, Walker akiichezea Newark, wamiliki wa klabu za International League, ligi ya ngazi ya chini, walipiga kura kutowasajili tena wachezaji Weusi, ingawa yeye aliendelea kuichezea Syracuse hadi 1889. Robinson, basi, aliufungua tena mlango uliokuwa umefungwa kwa makusudi.